Simbilisi wangu anaangusha nyasi

SWALI: Simbilisi wangu ana miaka 6 na nusu. Miguu ya nyuma imekakamaa, na mwaka huu ameshapunguzwa meno mara mbili. Sasa anaokota nyasi kavu, anatafuna kidogo, anaiangusha. Ni uzee tu?

JIBU: Uzee hauangushi nyasi, ndugu yangu. Huyo njaa anayo, ila mdomo unauma. Meno ya simbilisi hayaachi kuota, na magego yakirefuka hukwaruza ulimi hata kuubana. Mrudishe kwa daktari wa mifugo leo. Akikaa nusu siku bila kula chochote, utumbo huanza kusimama, na hapo ni dharura.

Wangu alifika miaka 7, nami nilijifunza kwa kuchelewa: manyoya yanaficha kukonda. Mzani wa jikoni ndio ulionifichulia. Mpime kila asubuhi, uandike.

Kulisha kwa bomba la sindano (bila sindano yenyewe!) kunahitaji subira. Loweka chakula chake cha punje kiwe uji, ingiza bomba kwa ubavuni mwa mdomo, toa kidogo, ngoja atafune. Ukisukuma moja kwa moja kooni utampalia. Wangu alikuwa akimaliza anajifuta kwenye mkono wa shati langu.

Mwili wake hautengenezi vitamini C, kwa hiyo mpe kila siku; usiitie kwenye maji, hupoteza nguvu.

Miguu? Mtandikie kitambaa laini, bakuli liwe la chini, na dawa ya maumivu itoke kwa daktari. Amoksilini iliyobaki kabatini usiiguse: humuua.