Nina miaka 37: meno yasiyokutana bado yanaweza kurekebishwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi mjini, nina umri wa miaka 37. Tangu utotoni, nikifunga kinywa magego hukutana, lakini meno ya mbele hubaki wazi kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Wenzangu hukata uzi kwa meno, mimi hadi nishike mkasi. Muhogo wa kuchemsha nao naumega kwa mkono kwa sababu sina pa kuung'atia. Nilinyonya kidole gumba mpaka nikaingia darasa la 3. Siku hizi magego yananiuma nikitafuna, na nyumbani wananiambia kwamba mifupa imeshakomaa na waya ni za watoto. Je, nimechelewa?

Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hujachelewa. Jino limeshikwa na nyuzi nyembamba zinazoliunganisha na mfupa wa taya, na likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa upande linakoelekea huliwa kidogo kidogo huku mfupa mwingine ukijengeka nyuma yake. Mwili hufanya kazi hiyo katika umri wowote, maadamu mfupa na fizi ni vizima. Kilichokwisha kwa mtu mzima ni kukua kwa taya: mtoto huweza kuelekezwa taya lake likiwa bado linakua, lakini kwako tutahamisha meno tu. Kwa hiyo, ikiwa uwazi huo umetokana na umbo la mifupa ya taya yenyewe, jambo ambalo mara nyingi huonekana kwa uso mrefu na midomo inayofungika kwa shida, huenda ukahitaji upasuaji pamoja na waya. Ikiwa umetokana na kidole na ulimi, waya pekee zaweza kutosha, au waya zikisaidiwa na skrubu ndogo zinazofungwa kwenye mfupa ili kuyarudisha magego kidogo ndani ya mfupa, meno ya mbele yapate kukutana.

Hapo kwenye ulimi nakusihi utulie, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza fedha na muda wao. Simama mbele ya kioo, tenganisha midomo kwa vidole, kisha umeze mate. Ukiona ncha ya ulimi inajipenyeza kati ya meno ya juu na ya chini, ujue kwamba kidole ulikiacha darasa la 3 lakini ulimi umeshika nafasi yake. Angalia pia ulimi unakaa wapi ukiwa umetulia kwenye cherehani, maana ulimi unaokaa kati ya meno saa nyingi huyasukuma kuliko ule unaopita mara moja wakati wa kumeza. Usipozoezwa kukaa juu, ncha yake ikigusa kaakaa nyuma ya meno ya mbele, uwazi huweza kurudi baada ya waya kutolewa.

Anzia kitengo cha meno katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, upigwe picha ya eksirei, usafishwe ugaga na kuzibwa meno yaliyotoboka. Fizi zikiwa zinatoka damu zitibiwe kwanza, kwani kusogeza meno juu ya fizi zenye ugonjwa huharakisha kupotea kwa mfupa. Kisha uliza kama bingwa wa kupanga meno anapatikana Mtwara au ni lazima upewe rufaa ya Muhimbili. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi, na mgonjwa huonwa kila baada ya wiki 4 hadi 8. Basi nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam uihesabu tangu mwanzo pamoja na gharama za waya. Korosho, miwa na mahindi ya kuchoma utaviacha kwa muda huo, nami najua kwetu Kusini si jambo dogo kumnyima mtu korosho. Waya zikitoka, utavaa kifaa cha kuyashikilia meno, hasa usiku, kwa miaka mingi.

Magego yako yanauma pengine kwa sababu yamebeba peke yake kazi ya kinywa kizima, lakini yaweza pia kuwa yametoboka, kwa hiyo nenda mwezi huu. Na kama uwazi huo umeongezeka siku za karibuni, mwambie daktari mapema, kwa kuwa huenda ni ugonjwa wa fizi au wa kiungo cha taya, na huo hauanzi kutibiwa kwa waya.