Memantini, magnesi na aina za GluN2

Umeuliza kwa nini memantini (dawa ya ugonjwa wa Alzheimer) inaziba vipokezi vya NMDA (protini za seli za neva zenye tundu la kupitisha ioni) vyenye kijenzi GluN2A karibu sawa na vyenye GluN2D, ilhali wengine wanaona tofauti kubwa. Angalia magnesi kwanza. Bila magnesi, aina zote nne (GluN2A, B, C na D) zinazibwa nusu kwa memantini ya takriban mikromola 1 au chini kidogo. Ukiweka magnesi milimola 1, kama ilivyo kwenye ubongo, kwa volti ya utando wa seli ya -65 mV, GluN2A na GluN2B zinahitaji memantini mikromola 10 hivi, huku GluN2C na GluN2D zikibaki karibu na 2. Sababu ni kwamba magnesi na memantini zinagombea sehemu ileile ndani ya tundu, na magnesi hung'ang'ania zaidi GluN2A na GluN2B. Tofauti hiyo inatokana zaidi na asidi amino moja: serini kwenye A na B, lusini kwenye C na D.

Kwa hiyo usilinganishe namba za majaribio yenye magnesi na yasiyo nayo. Tena pima kwa +40 mV, ambapo kizibo cha tunduni hulegea: kisipolegea, pengine si cha tunduni. Kwenye GluN2A ongeza trisini (kemikali inayokamata zinki), maana mabaki ya zinki huuzuia mkondo wa umeme wa kipokezi hata kwa viwango vya nanomola.