Maswali na majibu: masasisho siku ya kusakinisha mfumo endeshi

Nasakinisha Linux, na kisakinishi kinaniuliza kama kipakue masasisho papo hapo. Niweke tiki?

Kama intaneti yako ina kasi na haikatiki, weka. Kama unatumia bando, acha. Kazi itaisha mapema na hutakwama katikati ukiisubiri seva. Ila kuacha huko ni kuahirisha tu. Kwangu mimi, usakinishaji haujaisha mpaka masasisho yote yameingia, na nakusihi uyamalize kabla hujafungua barua pepe au kuingia kwenye akaunti yoyote.

Flashi yangu ina toleo la kwanza la Debian 12 (Debian ni aina mojawapo ya Linux), la mwaka 2023. Itabidi nipitie masasisho yote ya tangu wakati huo, moja baada ya jingine?

Hapana. Apt, chombo cha Debian cha kusakinisha na kusasisha programu, huangalia toleo ulilonalo na toleo jipya lililopo kwenye hazina (seva zinazohifadhi programu za Debian), kisha huleta hilo jipya peke yake. Kifurushi, yaani programu au sehemu yake, kilichosasishwa mara tano utakipakua mara moja. Windows 10 na 11 nazo ziko karibu na hapo: sasisho la kila mwezi, ambalo hutoka Jumanne ya pili, hubeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia.

Hata hivyo, flashi ya zamani hukugharimu mara mbili: unasakinisha vifurushi vilivyopitwa na wakati, halafu unapakua upya vile vilivyosasishwa. Debian hutoa faili mpya ya kusakinishia kila baada ya miezi michache, marekebisho yakiwa tayari ndani. Kama una kompyuta kadhaa za kusakinisha, pakua hiyo mpya mara moja uitumie kwa zote.

Niliandika `sudo apt update`, ikamaliza bila kosa, lakini programu zangu ni zilezile. Nimekosea wapi?

Amri hiyo husoma orodha tu. Inakwenda kwenye hazina, inaona kuna nini kipya, inarudi na kukuambia ni vifurushi vingapi vinaweza kusasishwa. Haigusi programu hata moja. Inayofuata ndiyo inayofanya kazi: `sudo apt upgrade`. Soma kabla ya kukubali, kwa sababu itakuonyesha majina ya vifurushi na ukubwa wa kitakachopakuliwa. Na kama kernel (kiini cha mfumo endeshi) imo kwenye orodha, washa kompyuta upya baadaye. Usipofanya hivyo, utaendelea kutumia ile ya zamani huku mpya imekaa tu kwenye diski.

Umeme ulikatika masasisho yakiingia. Sasa apt inalalamika kwamba dpkg, ile inayoisakinishia vifurushi, ilikatizwa.

Usiharakishe kusakinisha upya! Andika `sudo dpkg --configure -a`, iache imalizie vifurushi vilivyobaki nusu, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Mara nyingi hapo mambo hutengemaa. Kwenye Windows, iwashe na uiache. Kwa kawaida yenyewe itamalizia au itarudisha ilivyokuwa. Inaweza kuchukua muda mrefu skrini ikiwa haionyeshi dalili kubwa, na hapo ndipo watu hushikilia kitufe cha kuzima na kuharibu zaidi.

Sina siri wala siingii benki kwenye kompyuta hii. Masasisho ya nini?

Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya tundu moja la kiusalama la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu hilohilo, kikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao bila mtu kubofya kitu, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kirusi hakikuuliza nani ana siri. Kilitafuta mashine ambayo haijasasishwa, na kilipoipata kikaifanya njia ya kuwafikia wengine. Kompyuta yako ikiwa kwenye mtandao mmoja na za wenzako, uamuzi wako unawagusa na wao.

Bado nina flashi ya Windows 10. Niitumie?

Msaada wake wa kawaida, yaani masasisho ya kawaida kutoka Microsoft, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine inakidhi masharti ya Windows 11, weka hiyo. Kama haikidhi, weka Linux yenye msaada wa muda mrefu.