Maquoketa na watoto wadogo: nenda kwa ajili ya pango moja

Joto linapoanza, akina mama wenzangu wa hapa Davenport, Marekani, huniuliza swali lilelile: je, Maquoketa, ile hifadhi ya mapango, panafaa kwa watoto wadogo? Panafaa, tena sana, ila mwenye watoto walio chini ya miaka saba aende kwa ajili ya pango moja. Hifadhi ina mapango zaidi ya 10 na njia za miguu zinazokaribia kilomita 10 kwa jumla. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuyazunguka kwa siku moja. Mtoto wa miaka minne hana haja hiyo. Yeye akipata pango moja, kijito cha kuchovya vidole na jiwe la kukalia akila andazi lake, siku imetimia. Mzazi anayemburura kutoka shimo hadi shimo ili kumaliza ramani ndiye anayerudi nyumbani na mtoto analia, na ukimtajia pango mwaka unaofuata anakataa katakata.

Kwa mgeni wa eneo hili, hii ni hifadhi ya jimbo la Iowa, Marekani, upande wa mashariki, nje kidogo ya mji wa Maquoketa. Kutoka Davenport unashika barabara ya 61 kwenda kaskazini, kama saa moja hivi. Kuingia ni bure, na mwenye familia kubwa anajua hilo lina maana gani. Njia za miguu ziko wazi mwaka mzima, ila mapango yenyewe hufungwa katikati ya Oktoba na kufunguliwa katikati ya Aprili, kwa sababu popo wanakuwa wamelala usingizi wa majira ya baridi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Pango la kwanza kuingia maishani mwangu ni Amboni, na kule huingii peke yako. Unaingia na mwongozaji. Tochi anayo yeye, anajua pa kuinama na pa kupita kwa ubavu, na macho yake yako kwenye kundi zima. Huku mambo ni tofauti. Ukishasikiliza maelezo ya wahudumu kuhusu popo, umeachiwa. Hakuna wa kukuambia shimo lile usiingize mtoto, au kwamba hapo mbele dari inashuka. Mwongozaji wa wanao ni wewe, kwa hiyo maamuzi yote makubwa yafanye nyumbani, kabla hamjawasha gari: pango lipi, nani anamshika nani mkono, na mtu mzima gani atatoka na mtoto atakayegoma.

Pango ninalolipendekeza ni Dancehall Cave. Ndilo kubwa kuliko yote pale, refu kupita meta 300, lina njia ya zege na taa, na kijito cha Raccoon Creek kinapita humohumo ndani. Lina milango mitatu, na huo wa kati ndio rafiki wa mzazi. Mnaingia kwa juu, mkifika katikati mnawatazama watoto nyuso zao. Wamechoka au wameogopa? Tokeni. Bado wana hamu? Endeleeni. Usiwaahidi mapema kwamba mtatokea upande wa pili, maana mtoto akiahidiwa kitu anakudai, hata kama ni yeye mwenyewe aliyeanza kulia. Mvua ikiwa imenyesha sana siku za karibuni, maji hupanda na njia huteleza. Siku hiyo lisogelee mdomoni tu, mtazame kijito kinavyoingia, basi.

Mapango mengine mengi ya pale ni ya kutambaa kwenye tope. Wye Cave na Dug Out Cave ni ya vijana. Mtoto wa miaka kumi na miwili atakushukuru ukimwachia, lakini wa miaka mitano akikwama gizani huku nyuma yake kuna foleni ya wageni, mzazi huna pa kupita kumfikia. Twin Arch Cave haina shida hiyo. Ni fupi, iko wazi, mwanga unaingia, na watoto wanasimama wima kama watu. Hiyo mnaweza kuipitia mkiwa na nguvu za ziada.

Mama yangu alipokuja kututembelea tulimchukua na yeye. Kwetu pangoni panaingiwa kwa adabu. Hata leo wapo wanaokwenda Amboni na ubani kwa ajili ya mizimu, na mama, ingawa yeye si wa matambiko, hakuwa tayari kuona wajukuu wake wanaingia mbio wakipiga kelele. Akawasimamisha mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo ya ngazi. "Nyumba ya watu hiyo. Semeni hodi." Wakasema, kwanza kwa aibu, halafu kwa sauti, na pango likawarudishia. Wakanyamaza wote wawili, macho yamewatoka. Mama akawaambia, "Sasa subirini mkaribishwe," na wakasubiri kweli.

Nimeuchukua utaratibu huo moja kwa moja, na naushauri kwa kila mzazi, awe na imani gani. Jicho linalotoka kwenye jua la Julai halioni kitu gizani kwa dakika kadhaa za mwanzo, na ni rahisi kujikwaa hapo mlangoni. Hodi inawapa watoto kazi ya kufanya wakati macho yanazoea. Inawapa pia nafasi ya kuhisi ile hewa baridi inayotoka ndani, na yule mwoga anapata muda wa kuamua. Akisema hapana, ni hapana. Mtu mzima mmoja abaki naye nje, watafute konokono kwenye majani, na wala asichekwe na ndugu zake. Mtoto asiyelazimishwa mara nyingi ndiye anayekuvuta mkono baadaye, "Mama, twende na mimi nikaone."

Mwenye mtoto mchanga aache kigari kwenye gari. Ngazi ni nyingi, za kushuka bondeni na za kupanda tena, na kigari hakina pa kupita. Khanga ni bora, lakini sikiliza neno moja: pangoni mtoto asiwe mgongoni. Ukiinama kupita chini ya jiwe, wewe kichwa chako unakijua kilipo, cha mtoto aliye nyuma hukioni. Mhamishie kifuani kabla ya kuingia, kiganja chako kimoja juu ya utosi wake, mtembee polepole.

Kila mtoto awe na tochi yake. Taa zipo Dancehall, lakini tochi si ya kuonea tu. Mtoto aliyeshika mwanga wake mwenyewe haogopi giza kwa namna ileile. Za kufunga kichwani ni nzuri kwa watu wazima kwa sababu mikono inabaki huru, ila wadogo huzigeuza zikakumulika machoni, kwa hiyo wape za mkononi. Chukua betri za akiba. Mavazi ni ya mikono mirefu hata kama nje jasho linawatiririka, maana ndani kuna baridi mwaka mzima, na pango moja limepewa jina la Ice Cave si bure. Viatu viwe vya kufunga na soli yenye meno. Malapa hapana. Nguo za kubadilisha na mfuko wa plastiki wa nguo zenye tope viache kwenye gari, na kila mtu aende msalani kabla hamjaanza kushuka zile ngazi.

Sasa popo. Hapa naomba tusipapite haraka, maana popo ndio wenye nyumba. Mwaka 2006 kwenye pango moja la jimbo la New York ilionekana kuvu inayoota puani na kwenye mbawa za popo waliolala majira ya baridi. Kuvu hiyo inawaamsha kabla ya wakati. Popo akiamka anachoma mafuta aliyojiwekea mwilini, na nje hakuna mdudu hata mmoja wa kula. Anakufa kwa njaa na baridi. Wamekufa mamilioni katika Amerika ya Kaskazini, na kwa kuwa jike wa aina nyingi hizo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kujaza pengo hilo ni kazi ya miaka mingi sana. Mapango ya Maquoketa yenyewe yalifungwa mwaka 2010 kwa ajili ya hofu hiyo, yakafunguliwa tena 2012.

Kuvu hiyo haimdhuru binadamu, ila vijidudu vyake vinasafiri kwenye viatu, nguo na mifuko. Ndiyo maana wahudumu hutoa yale maelezo mwanzoni. Kama ulivaa raba zako kwenye pango jingine lolote, hata kama ulizifua, Maquoketa vaa nyingine. Waelezeni watoto sababu, wanaelewa kuliko tunavyodhani. Mwanangu wa miaka mitano aliuliza kama popo wanakula watu. Nikamwambia hapa wanakula wadudu, na mbu wakiwamo. Akafikiri kidogo, akasema basi ni marafiki zetu. Tangu hapo yeye ndiye anayewanyamazisha wenzake mkiwa ndani. Kitu kimoja msimamie kwa ukali: popo haguswi, hata akiwa ameanguka chini na anaonekana mgonjwa. Anaweza kubeba virusi vya kichaa cha mbwa. Mwite mhudumu.

Jambo jingine linaloniuma ni mawe. Zamani mapango haya yalikuwa na mawe meupe marefu yanayoning'inia darini na mengine yaliyoota sakafuni. Wageni wa kale wakayavunja na kwenda nayo kama kumbukumbu, na kilichobaki leo ni sehemu tu. Jiwe la namna hiyo hujengwa na matone ya maji yenye chokaa, na kwa kawaida halirefuki hata milimita moja kwa mwaka. Nawaonyesha wanangu mahali palipovunjika, nawaachia waulize wenyewe. Mtoto akishaona lile kovu, kumkataza kujaza mifuko mawe kunakuwa rahisi. Wakitaka hadithi zaidi, nawaambia mwamba huu ulikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na kwamba Amboni ya bibi yao nayo ilizaliwa baharini, baadaye sana. Bahari Iowa! Wanabaki kutazama mahindi njia nzima wakati wa kurudi.

Nje ya pango hatari ni za aina nyingine. Kuna daraja la asili la mwamba, karibu meta 15 juu ya kijito, na kuna lile jiwe la tani 17 lililosimama juu ya kitako chembamba. Vyote viwili watoto watavipenda, ila njia za juu zinapita kando ya magenge na si kila mahali pana uzio. Hapo sheria yangu ni mkono ndani ya mkono. Huna mikono ya kutosha kwa watoto wote? Bakini njia za bondeni. Kandokando ya njia kuna mmea wenye majani matatu matatu unaowasha kama upupu wa kwetu, na upele wake hukaa siku nyingi. Mfundishe mtoto kuhesabu majani kabla ya kushika, na soksi ziwe juu ya suruali. Soksi hizo zinazuia pia kupe, ambao huku wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Mkifika nyumbani wavueni watoto nguo zote, muwakague nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, nyuma ya magoti na kinenani. Kupe aliyeng'ata mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumzungusha, na ukiona baadaye upele wa duara au homa, mwende hospitali.

Chakula kiliwe juu, kwenye meza za mapumziko, si pangoni. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha, maji mengi na chupa ya chai kwa ajili ya wakubwa. Mzee mwenye magoti mabovu asishuke kwa kuona aibu ya kubaki. Meza ziko chini ya miti mikubwa, upepo upo, na wajukuu watampandia na habari zote.

Kuhusu siku ya kwenda, Jumamosi na Jumapili za kiangazi maegesho hujaa, na foleni mlangoni mwa Dancehall ni adha kwa mtoto mdogo. Nendeni asubuhi mapema, siku ya kazi kama mnaweza. Ila kwa wenye watoto ambao bado hawajaanza shule, wakati mzuri kuliko wote ni Septemba: shule zimefunguliwa, mbu wamepungua, mapango bado wazi, na mnaweza kukaa kando ya kijito kadiri mtoto anavyotaka bila mtu wa kuwaambia msogee.