Barua kwa Mwanangu: Vijana wa Lincoln Park

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwalimu wenu chuoni amefundisha kwamba magenge ya mitaani Marekani yaliwahi kushirikiana na wapigania haki za watu weusi, wenzako wakabisha, na sasa unaniuliza mimi baba yako nani mkweli. Mwalimu wenu ni mkweli, ila hayakuwa magenge yote, na haikuchukua muda mrefu.

Chukua Young Lords wa Chicago. Walianza takriban mwaka 1959, vijana wa Puerto Rico wa mtaa wa Lincoln Park, wakipigana na magenge ya Kizungu yaliyowazuia hata kupita barabarani. Kiongozi wao, José Jiménez aliyeitwa Cha Cha, alifungwa mwaka 1968, na humo gerezani akasoma habari za Malcolm X na Martin Luther King. Alipotoka, jiji lilikuwa linabomoa nyumba za wapangaji kwa jina la kuboresha mji, na Wapuerto Rico wanahamishwa. Wale waliozoea kulinda kona yao wakaona anayewafukuza sasa ana kalamu na ramani. Mwaka 1969 wakavamia seminari ya McCormick wakidai fedha za kuwajengea maskini nyumba, kisha wakaingia kanisa la Kimethodisti la Armitage wakalifanya mahali pa kulelea watoto wa mtaa na kutibu watu bure.

Mwaka huohuo Fred Hampton, kiongozi katika jimbo la Illinois wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, akawaunganisha Young Lords na Young Patriots: Wazungu fukara waliohamia Chicago kutoka milima ya Appalachia, wengine wakivaa bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa. Fikiria mtu mweusi kuketi na bendera ile! Hampton aliketi nao, kwa sababu nyumba zao zilikuwa mbovu sawasawa na za watu wake, na polisi waliowapiga ni walewale.

Mimi naamini serikali iliogopa umoja huo kuliko bunduki. Mapema mwaka 1969 FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, walimpelekea Jeff Fort, mkuu wa genge la watu weusi la Blackstone Rangers, barua isiyo na jina la kweli, wakimwambia kwamba Panther wamepanga kumuua. Walitaka genge lenye maelfu ya vijana liwageukie Panther. Tarehe 4 Desemba polisi wakavamia nyumba ya Hampton alfajiri, wakafyatua risasi zaidi ya 80, wakamuua yeye na Panther mwenzake, Mark Clark. Ramani ya nyumba ilitoka kwa mlinzi wake mwenyewe, aliyekuwa akilipwa na FBI. Hampton alikuwa na miaka 21.

Lakini usiwageuze wote kuwa mashujaa, mama. Vijana weusi wengi waliuawa na magenge yenyewe, na Fort mwaka 1987 alitiwa hatiani kwa kula njama ya ugaidi kwa fedha za Libya. Ukirudi darasani, waulize wenzako kwa nini FBI ilijisumbua kuandika barua ile.

Baba yako