Honda XL 250 S ya zamani au CRF 250 L kwa njia ya Kitulo

Ndugu yetu wa Uyole ameuliza kama pikipiki ya Honda XL 250 S ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 itamfaa kwa safari za uwanda wa juu wa Kitulo kuliko Honda CRF 250 L, iliyo mpya zaidi. Nimeziendesha zote mbili katika njia hiyo, nami namshauri achukue CRF, ingawa XL ndiyo ninayoipenda zaidi.

Tofauti huanza kuonekana ukiiacha barabara ya Tukuyu pale Isyonje na kuanza kupanda. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo hufika mita 2,600, hivyo hewa huwa nyepesi, lakini kabureta ya XL huendelea kumimina petroli kana kwamba bado uko bondeni. Injini inakuwa nzito, inatoa moshi mweusi na plagi inashika masizi. Dawa yake ni kuweka jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ndogo zaidi, na ukiteremka tambarare za Usangu uirudishe ile ya awali, la sivyo injini itakosa petroli ya kutosha na kuchemka mno. CRF hupima yenyewe mgandamizo wa hewa na kupunguza petroli. Nguvu hupungua pia, kwa kuwa hakuna mtambo unaoongeza hewa, ila ukivuta mafuta inaitika mara moja.

Kwenye kushuka, XL hunitia hofu. Breki zake zote mbili ni za ngoma, na zikipata joto katika kona zinazofuatana, au zikilowa mvua, unabana na pikipiki inaendelea kwenda. Inakulazimu kushuka kwa gia ndogo tangu juu. Breki za diski za CRF zinakuachia nafasi ya kusahihisha. Taa ya XL, yenye umeme wa volti 6, ni dhaifu sana katika ukungu wa asubuhi.

Hata hivyo, XL inavuta kwa upole katika mwendo mdogo kwenye tope, jambo ambalo CRF hailifikii, na betri ikifa unapiga kiki na kuondoka, wakati CRF haina kiki kabisa.

Ukiichagua XL, kabla hujalipa ulizia kwanza tairi la mbele la inchi 23, kwa sababu saizi hiyo ni adimu sana madukani.