Wahitimu wametutajia matajiri 60. Tuanze na nani?

SWALI: Nafanya kazi ofisi ya wahitimu ya chuo kikuu kimoja hapa Moshi. Tunatafuta wafadhili wakubwa wa maabara mpya. Tuliita wahitimu 12, tukawaomba wataje wenzao wenye uwezo, tukapata majina 60. Orodha tumeiweka kwenye grupu la WhatsApp la kamati ili wengine waongezee. Pia kuna mtu anatuuzia orodha ya wafanyabiashara wakubwa wa Arusha na Kilimanjaro pamoja na namba zao. Tuinunue? Na kwa hao 60 tuanze na nani?

JIBU: Msiinunue. Na kabla ya kuanza na yeyote, iondoeni ile yenu kwenye grupu leo hii.

Tatizo hili nalikuta karibu kila chuo kinachoniita. Wahitimu wanaulizwa nani ana hela, nao wanajibu walichoulizwa: mwenye hoteli, mwenye magari ya watalii, mwenye ghorofa Marangu. Ghorofa hiyo hufunguliwa Desemba, familia ikirudi kula Krismasi, na imesimama kwenye kihamba, shamba la urithi la Wachaga, ambacho ukoo haukubali kiuzwe. Yale magari yanaweza kuwa na deni la benki, na masika yakishika, Aprili na Mei, mwenye nayo anahangaika na mishahara. Mali ni kitu kimoja, uwezo wa kutoa ni kingine, na nia ya kuwapa ninyi ni cha tatu kabisa. Hicho cha tatu ndicho kisichoulizwa, na kinanisikitisha kila mara.

Mwaka 2020 mchimbaji mmoja wa Mererani aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Tangu hapo naletewa orodha zilizojaa wachimbaji. Yeye mwenyewe alipoulizwa fedha atazifanyia nini, alitaja kujenga shule karibu na kwake, Simanjiro. Sasa hao mliotajiwa wana nini na maabara yenu?

Mhitimu anaitwa ayapitie majina ya wenzake ili awaambie yale ambayo hamwezi kuyaona mkiwa ofisini. Kwa hiyo majina myatoe ninyi, kwenye kumbukumbu zenu, si yeye. Kaeni na watu wanaofahamiana kweli, waliosoma miaka ileile au wanaofanya kazi sekta moja. Majina 100 au 150 yanatosha kwa kikao kimoja. Kila mmoja apewe karatasi yake na ajaze kimya, bila mjadala. Mkianza kujadili, mzee mmoja akisema "huyo ni bahili", nani atambishia? Jina limekufa hapo hapo.

Kwa kila jina aandike anamfahamu vipi. Mwenye jina akiguswa na jambo hili anaweza kutoa kiasi gani kwa miaka 3 hadi 5 (mpeni madaraja achague, asiandike mshahara wa mtu). Anakikumbuka chuo kwa mema au ana kinyongo. Na nani akimpigia simu, itapokelewa. Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, nalo ndilo ninalolikuta tupu. Asiyemfahamu mtu aache wazi, asibahatishe.

Watu 2 au 3 wakikubaliana bila kusikilizana, hapo mna pa kuanzia. Kisha hakikisheni wenyewe: BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili kampuni, kuna kumbukumbu za wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, na kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam huchapisha taarifa za kila mwaka. Halafu fungueni vitabu vya mhasibu wenu. Mhitimu anayetuma 50,000 kila mwaka bila kuombwa, na wenzake wanasema ana uwezo wa milioni kadhaa, huyo ndiye wa kwanza, hata kama hayumo katika hao 60.

Kuhusu grupu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inampa mtu haki ya kujua mmeandika nini juu yake. Msiandike lolote ambalo mtaona haya akilisoma. Ugonjwa, ndoa, ugomvi wa mirathi, hayo hayawahusu. Kama kuna mjumbe aliyekwisha kuisambaza orodha, mpigieni aifute.

Na huyu muuzaji. Wapo wengi siku hizi kati ya Arusha na Moshi. Wengine huuza namba zilizookotwa kwenye kadi za michango ya harusi na magrupu ya harambee. Wengine hujiita washauri na kudai asilimia 10 ya kila kitakachopatikana. Chama cha kimataifa cha wachangishaji, AFP, kimekataza malipo ya asilimia katika kanuni zake za maadili, na sababu iko wazi: anayelipwa hivyo atambana mtu atoe haraka kidogo alichonacho mfukoni, wakati mngemwendea taratibu miaka 2 angewajengea chumba kizima cha maabara. Mshauri wa kweli hutaja ada yake ya kazi mapema, na hawaletei namba ambayo haijulikani imetoka wapi. Muulizeni huyo wenu namba hizo kazitoa wapi, na nani kamruhusu kuziuza.